Kerneli Bingwa: Nzito, Nyepesi, Kongwe na Zenye Mbio, kwa Vipimo vya Kitale na Bungoma

Katika simu ya mwendesha bodaboda pale Kanduyi, katika kompyuta za Kitale National Polytechnic, katika mipakato ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, kuna programu moja inayoamka kabla ya wenzake na kulala baada ya wote. Hiyo ndiyo kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa memori, kupanga zamu za prosesa na kukaa mlangoni kama bawabu: programu haigusi diski wala kibodi bila ruhusa yake. Wapo watu wanaojijengea kerneli zao kuanzia mstari wa kwanza na kuziwasha, na palipo na wajenzi hapakosi mashindano. Tumeingia uwanjani na mizani, saa na sensa ya mwaka 2019. Vipimo vingine ni gunia la kilo 90, matatu ya abiria 14 na barabara ya Kitale hadi Bungoma kupitia Webuye, kama kilomita 80.

1. NZITO KULIKO ZOTE: MAGUNIA 44 YA MSIMBO

Mapema mwaka 2025, msimbo wa kerneli ya Linux ulivuka mistari milioni 40, ukihesabu kila kitu: maelezo, nyaraka na zana zake. Sensa ya 2019 ilikuta Wakenya 47,564,296. Ukimpa kila Mkenya mstari mmoja autunze, wangekosa watu milioni 7 na nusu tu.

Uchape sasa. Mistari 50 kwa ukurasa, upande mmoja wa karatasi, inatoa kurasa 800,000. Hizo ni rimu 1,600, na kila rimu ya A4 ina uzito wa kilo mbili na nusu. Jumla tani 4, sawa na magunia 44 ya mahindi ya Trans Nzoia! Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, kilikosa mteja mzuri.

Uzuri wa rekodi hii ni pale ilipoanzia. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, alitoa toleo 0.01 mwezi Septemba 1991 likiwa na mistari 10,239. Mji wa Bungoma una wakazi 68,031. Kwa hiyo katika kila wakazi saba, mmoja tu ndiye angepata mstari wa kushika mkononi. Toleo 1.0 lilipotoka tarehe 14 Machi 1994, mistari ilikuwa 176,250. Hapo mji wa Kitale, wenye watu 162,174, ungehudumiwa wote na bakshishi ya mistari 14,076 ikabaki mezani. Kutoka 0.01 hadi mwaka 2025, kerneli hiyo ilinenepa mara 3,900.

Unene huo umekaa wapi? Zaidi kwenye draiva, yaani msimbo unaoijulisha kerneli jinsi ya kuzungumza na kila kifaa. Draiva ya kadi za picha za AMD peke yake imepita mistari milioni 5, mingi ikiwa imeandikwa na mashine. Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia kwa pamoja zina watu 2,660,911. Draiva moja tu inawazidi karibu mara mbili. Mimi sioni fahari kubwa hapo, lakini mizani haibembelezi mtu.

2. ILIYOENEA KULIKO ZOTE

Mwezi Mei 2021 Google ilitangaza kwamba vifaa vya Android vinavyotumika vimepita bilioni 3. Kila kimoja kina kerneli ya Linux ndani yake. Chukua Kenya nzima uizidishe mara 63, ndipo utakaribia.

Hapa kwetu mlango ulifunguliwa na Huawei IDEOS, simu ya Android iliyouzwa na Safaricom mwaka 2011 kwa kama shilingi 8,000. Lakini heshima ya kutangulia mfukoni ni ya kidude kidogo zaidi. M-Pesa ilipozinduliwa mwezi Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya kadi ya simu. Kadi hiyo ni kompyuta kamili yenye prosesa, memori na mfumo endeshi wake mdogo. Kwa hiyo mwenye simu ya mulika mwizi aliyetuma pesa kutoka Chwele miaka hiyo alikuwa akiendesha mifumo endeshi miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa simu na mwingine wa laini, na hakuna aliyemwambia.

3. INAYOWAKA HARAKA: RUDISHA ANA MPINZANI

Amazon ilitoa Firecracker mwaka 2018, programu inayowasha kompyuta ndogo za kufikirika, kila moja na kerneli yake ya Linux. Tangu amri itolewe hadi kerneli iamke na kukabidhi kazi kwa programu ya kwanza, zinapita milisekunde 125.

Sasa mlete David Rudisha. Tarehe 9 Agosti 2012, jijini London, alizunguka uwanja mara mbili kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia ya mita 800. Kwa muda huohuo, Firecracker ikiwasha moja baada ya nyingine bila kupumzika, ingewasha kerneli 807. Kerneli moja kwa kila mita, na chenji saba!

4. INAYOWAKA POLEPOLE: MTEMBEA KWA MIGUU ANASHINDA

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu iitwayo 4004. Ilikuwa na transista 2,300 na ilifanya hesabu kwa biti nne nne. Ilikusudiwa kikokotoo cha mezani, basi. Mwaka 2024 Dmitry Grinberg, mhandisi asiyejua kukata tamaa, aliifanya iwashe Linux. Chipu yenyewe haiwezi kusoma msimbo wa Linux, kwa hiyo aliiandikia programu inayoigiza prosesa kubwa zaidi, hatua kwa hatua, kisha akaiacha ijikokote.

Ilichukua siku 4.76, yaani saa 114. Mtu anayeondoka Kitale kwa miguu kwenda Nairobi, kilomita 380 hivi, akitembea kilomita 4 kwa saa bila kulala, angefika baada ya saa 95. Angebaki na saa 19 za kunywa chai akisubiri kerneli imalize kuamka.

Grinberg hakuwa mgeni katika mchezo huu. Mwaka 2012 alikuwa amewasha Linux kwenye chipu ya biti nane kwa muda wa saa mbili hivi, ambao ni safari ya matatu kutoka Kitale hadi Bungoma na vituo vyake vyote. Alipoona hiyo ni haraka mno, akatafuta chipu mbovu zaidi.

5. KUJENGA NA KUWASHA KWA PIGO MOJA

Kujenga kerneli maana yake ni kuchukua maelfu ya faili za msimbo na kuyapitisha kwenye kompaila hadi yatoke kama faili moja ambayo prosesa inaielewa. Kwa mpakato wa kori mbili, kukompaili Linux kamili kunaweza kula saa kadhaa, na stima ikipotea katikati huku betri imechoka, shauri yako. Seva nene yenye makumi ya kori humaliza toleo la kawaida chini ya nusu dakika.

Lakini bingwa wa kitengo hiki hakuhitaji seva nene. Mwaka 2004 Mfaransa Fabrice Bellard alitoa TCCBOOT. Kompyuta inawashwa ikiwa haina kerneli yoyote iliyo tayari, ina msimbo tu. Kompaila ndogo ya Bellard inausoma msimbo wa Linux, inaujenga, kisha kerneli hiyo iliyozaliwa sasa hivi inawaka. Yote hayo chini ya sekunde 15, kwenye Pentium 4 ya gigahezi 2.4, mashine ambayo leo fundi wa kompyuta angekuuzia kwa bei ya vyuma chakavu. Sekunde 15! Makanga wa stendi ya Kitale bado hajamaliza kuita abiria wa Bungoma.

Bellard huyuhuyu ndiye aliyeanzisha QEMU mwaka 2003, programu inayojifanya kompyuta nzima ndani ya kompyuta yako. Ndiyo karakana ya kila mjenga kerneli. Ukikosea, inayokufa ni mashine ya kufikirika, na mpakato wako unabaki salama. Mwaka 2011 akaiwasha Linux ndani ya kivinjari cha intaneti. Na kama aliyekosa kazi, mwishoni mwa mwaka 2009 alitangaza rekodi ya dunia ya kukokotoa namba pai, tarakimu karibu trilioni 2.7, kwa kompyuta moja ya mezani. Katika jedwali langu la wanariadha binafsi, huyu anasimama peke yake juu, na wa pili yuko mbali.

6. KONGWE INAYOZAA BADO: WIKI TATU ZA 1969

Mwaka 1969 mke wa Ken Thompson alimchukua mtoto wao kwenda California kuwatembelea wakwe. Thompson, wa maabara za Bell, akabaki na wiki tatu za ukimya. Wiki moja aliitumia kuandika kihariri cha maandishi, nyingine asembla (programu inayogeuza maagizo ya asembli kuwa lugha ya mashine), nyingine kerneli. Ndivyo Unix ilivyozaliwa. Wiki tatu ni likizo ya Aprili ya mwanafunzi wa Kamusinga, na wengi hurudi shuleni hata kazi za likizo hawajamaliza.

Mashine yake, PDP-7, ilikuwa na memori ya maneno 8,192 ya biti 18. Hiyo ni baiti 18,432, nafasi ya SMS 131 tu za baiti 140. Leo ujumbe wa kikundi kimoja cha harambee unaijaza kabla ya saa sita mchana.

Unix ina rekodi nyingine, ya fotokopi. John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, alichapa msimbo wa toleo la sita, kama mistari 9,000, pamoja na ufafanuzi wake ili wanafunzi wasome kerneli halisi kutoka mwanzo hadi mwisho. Wenye mali ya Unix wakazuia kitabu hicho kisitumike madarasani. Kikawa kinapita mkono kwa mkono, nakala ya nakala ya nakala, hadi kikatajwa kuwa kitabu cha kompyuta kilichopigwa fotokopi kuliko vyote. Kilichapishwa rasmi mwaka 1996, baada ya miaka karibu 20 ya kutolewa kivuli. Yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye saiba akinakili karatasi za mitihani iliyopita anaijua njia hiyo.

7. YENYE MASHAHIDI WENGI

Kerneli nyingi huaminiwa kwa sababu hazijaanguka jana. seL4 ya Australia inaaminiwa kwa sababu imethibitishwa kihisabati, na mwaka 2009 ilikuwa ya kwanza ya matumizi ya jumla kufikia hapo. Msimbo wake wa C ni mistari 8,700, na wa asembli 600. Uthibitisho wake? Mistari 200,000. Kila mstari wa C umesimamiwa na mashahidi 23. Matatu moja ya abiria 14 isingewafikisha mahakamani Bungoma. Ungekodi ya pili na kuijaza zaidi ya nusu.

8. KUBWA YA MTU MMOJA

Terry Davis wa Marekani aliandika TempleOS peke yake kwa muda wa miaka kumi hivi: kerneli, kompaila, lugha ya kuandikia programu, michezo na michoro. Mistari zaidi ya 100,000 kutoka kwa mikono miwili, mingi kuliko wakazi wa mji wa Bungoma. Skrini yake ni nukta 640 kwa 480 na rangi 16 tu, kwa hiari yake mwenyewe. Aliugua akili kwa miaka mingi na alifariki mwaka 2018. Rekodi inabaki yake.

9. YENYE MISULI

Kompyuta kuu 500 za dunia hupangwa mara mbili kwa mwaka, na tangu Novemba 2017 zote 500 zinaendeshwa na Linux. Hakuna timu iliyowahi kutawala ligi namna hiyo, hata Gor Mahia.

Novemba 2024 kilele kilishikwa na El Capitan ya California: kori 11,039,616, hesabu trilioni 1,742,000 kwa sekunde. Wagawie kori hizo watu wa kaunti za Bungoma na Trans Nzoia. Kila mmoja, mzee kwa kichanga, anapata nne, na zinabaki 395,972 za kugombania. Wakenya wote wakiamua kushindana nayo, kila mtu akifanya hesabu moja kwa sekunde bila kulala wala kula, watahitaji zaidi ya miaka 1,100 kumaliza kazi inayofanywa na mashine hiyo kwa sekunde moja.

10. ILIYORUKA MBALI

Tarehe 19 Aprili 2021 helikopta ndogo ya NASA iitwayo Ingenuity iliinuka kutoka ardhi ya Mirihi. Ndani yake: Linux, juu ya prosesa Snapdragon 801, ileile iliyokuwa ndani ya Samsung Galaxy S5. Helikopta nzima ilikuwa na uzito wa kilo 1.8, nyepesi kuliko pakiti ya unga wa ugali.

Mirihi ikiwa mbali kabisa nasi, ni kilomita milioni 400, sawa na safari milioni 5 za Kitale hadi Bungoma. Ilitarajiwa kuruka mara tano. Iliruka mara 72, hadi Januari 2024, na kukusanya kilomita 17 hivi. Ndiyo, ingeondoka Bungoma isingefika Webuye. Lakini Webuye kuna hewa. Mirihi hewa ni chini ya sehemu moja kwa mia ya yetu, na fundi wa karibu yuko sayari nyingine.

11. NDOGO KULIKO ZOTE: SMS NNE HAZIJAI

Nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo rekodi ambayo msomaji wa Kimilili au Kiminini anaweza kuigusa leo jioni.

Kompyuta za ukoo wa IBM PC ya mwaka 1981, zile zinazotumia BIOS, huamka kwa desturi moja. Programu iliyo kwenye ubao, BIOS, inasoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, na kuiweka kwenye memori mahali pa 0x7C00. Inatazama baiti mbili za mwisho. Zikiwa 0x55 na 0xAA, inaamini hapo pana kitu cha kuwasha na kukikabidhi prosesa. Zikikosekana, inapita kama basi la usiku lisilo na abiria wa kushuka. Unabaki na baiti 510 za kutawala kompyuta nzima. SMS moja hubeba baiti 140. Kwa hiyo himaya yako yote ni pungufu ya SMS nne.

Andika kwa asembla iitwayo NASM, washa kwa QEMU. Skrini ya kawaida ya maandishi ina safu 80 na mistari 25, jumla herufi 2,000. Kila herufi hutumia baiti mbili, moja ya herufi na moja ya rangi, kuanzia mahali pa 0xB8000. Maana yake skrini peke yake ni baiti 4,000, karibu mara nane ya kerneli inayoiandikia. Andika salamu yako hapo moja kwa moja, kwa rangi yoyote kati ya 16. Ukiharibu, usitegemee ujumbe wa kosa: prosesa ikikosea, ikakosea tena katika kushughulikia kosa hilo, na ikakosea mara ya tatu, inajiwasha upya kimyakimya. Utakaa ukitazama skrini ikipepesa.

Baiti 510 zikikubana, hamia kwa GRUB, programu ya kupakia kerneli. Weka namba 0x1BADB002 mahali fulani ndani ya baiti 8,192 za kwanza za kerneli yako, pamoja na namba za kuihakiki, nayo GRUB itaitambua na kuipakia, kwa desturi kuanzia mahali pa megabaiti moja katika memori. Hapo unaweza kuandika kwa C na kupumua. Lakini ukishatoka kwenye sekta moja, umetoka pia kwenye kitengo hiki cha mashindano.

Medali? Óscar Toledo wa Mexico, mwaka 2019, aliingiza mfumo endeshi mzima ndani ya sekta hiyo moja na kuuita bootOS. Unaorodhesha faili, unafuta, unaandaa diski, unahifadhi na kuendesha programu, ndani ya baiti 512. Linux yenye tani nne za karatasi inafanya mengi zaidi, sawa, lakini kwa kila baiti inayotumia haifikii hata kisigino cha huyu. Mfumo wake una nafasi ya faili 32, na kila faili haizidi baiti 512. Zipakie kwenye basi dogo la abiria 33, kila faili na kiti chake, na makanga anapata pa kukaa. Dhahabu imekwenda Mexico!